Siku Sita Alentejo, na Kijiji Kilichohamishwa

Naanza na ukweli: Alentejo haikuwa chaguo letu. Mei 2024 mimi na mume wangu tulikuwa tunatimiza miaka kumi ya ndoa, na mpango ulikuwa Lisbon siku tatu, halafu Algarve, kule kusini mwa Ureno kwenye fukwe ambako Waingereza huenda kuungua na jua. Bei za hoteli za Algarve zikatushinda. Dada mmoja Mtanzania anayeishi Lisbon akatucheka. “Mnatoka Dar halafu mnafuata bahari? Nendeni bara. Nendeni Alentejo mkaone Ureno yenyewe.”

Jina hilo maana yake ni ng'ambo ya mto Tejo. Mkoa huu unachukua karibu theluthi moja ya nchi nzima, lakini watu wake hawafiki laki nane. Yaani unaendesha gari nusu saa unaona miti, kondoo, miti tena, kisha kijiji cheupe juu ya kilima kama mtu ametundika shuka.

Tulikodi gari palepale Lisbon. Wenzetu wanaendesha kulia, usukani uko kushoto, na kila ukikaribia mji kuna kipilefti, ambacho kwao kingetakiwa kuitwa kipiraiti. Mume wangu anaendesha, mimi nasoma ramani kwenye simu. Kama unataka kujua ndoa yako iko wapi, usiende kwa mshauri. Kodi gari nchi ya watu.

Na yetu, niseme tu, haikuwa mahali pazuri. Mama mkwe wangu anaishi peke yake Ugweno, milima ya Upare. Baba alifariki 2017 na amezikwa palepale nyumbani, pembeni ya migomba. Mwaka 2023 mama aliteleza alfajiri akienda chooni, choo kiko nje, akavunjika mkono, akakaa chini pale mpaka mtoto wa jirani alipopita kwenda shule. Tangu siku hiyo mume wangu ana wimbo mmoja: mama aje Dar. Mama naye ana wake: siondoki, nani atabaki na baba yenu? Mimi nikawa upande wa mama. “Mwache mama wa watu, anajua anachotaka.” Kila nikisema hivyo mume wangu ananyamaza, na ukimya wake unaweza kumaliza wiki. Huo ndio mzigo tuliosafiri nao, na hakuna aliyetulipisha kilo za ziada.

Évora ndio mji mkubwa wa mkoa, kilomita kama 130 kutoka Lisbon. Ukipenda kuna treni na mabasi, saa moja na nusu hivi. Mji wa zamani umezungushiwa ukuta, na UNESCO iliuweka kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 1986. Umeteuliwa pia kuwa mmoja wa miji ya utamaduni ya Ulaya kwa mwaka 2027, kwa hiyo kama una mpango wa kwenda, bei za vyumba ziangalie mapema.

Katikati ya mji kuna hekalu la Warumi la karne ya kwanza, nguzo kumi na nne bado zimesimama, vichwa vyake vimechongwa majani ya marumaru. Utajiuliza limeponaje miaka yote hiyo. Limepona kwa sababu watu walijaza kuta katikati ya nguzo wakaligeuza bucha! Nyama iliuzwa humo mpaka mwaka 1836. Nililipenda zaidi baada ya kusikia hivyo.

Halafu kuna Kanisa la Mtakatifu Francis, na ndani yake Kanisa la Mifupa. Mimi nilitaka kubaki nje nile aiskrimu. Mume wangu akaingia, nikamfuata. Ni chumba ambacho kuta na nguzo zake zote zimepangwa mifupa ya watu, mapaja, mikono, mafuvu, kwa mpangilio mzuri kama fundi anavyopanga tofali. Inasemwa ni ya watu kama elfu tano. Makaburi ya makanisa yalikuwa yamejaa, yanachukua nafasi, watawa wakaamua kuyafukua na kuwatumia wafu kuwafundisha walio hai. Juu ya mlango wameandika kwamba mifupa iliyomo inaisubiri yako. Watalii walikuwa wanapiga picha. Mume wangu alisimama mbele ya ukuta mmoja muda mrefu, mikono nyuma, kama anavyosimama kwenye kaburi la baba. Sikumuuliza.

Nje tukakaa uwanjani tukanywa kahawa, kikombe kidogo kama cha kahawa ya Kariakoo, na kichungu vilevile. Évora ni mji wa chuo kikuu kilichoanzishwa 1559, kwa hiyo jioni vijana wamejaa, maisha yapo. Lakini si mji mwepesi kwa Mwafrika anayejua kidogo historia. Miaka ya 1530 msomi mmoja kutoka Flanders, Nicolaus Clenardus, aliishi hapo na kuandika barua akishangaa jinsi watumwa Waafrika walivyojaa kila nyumba. Nilitembea kwenye vile vichochoro vizuri vyeupe nikiwafikiria waliokuwa wanabeba maji humo. Hakuna kibao chao nilichokiona.

Siku ya pili tulishuka mpaka Vidigueira, mwendo wa chini ya saa moja. Vasco da Gama, yuleyule aliyefika Mombasa na Malindi mwaka 1498, na aliyeilazimisha Kilwa kulipa dhahabu mwaka 1502, alipewa ukabaila wa mji huu mwaka 1519. Alifia Cochin, India, 1524. Baadaye mifupa yake ililetwa Vidigueira ikakaa zaidi ya miaka mia tatu kabla ya kuhamishiwa Lisbon. Nilitegemea kukuta kitu kikubwa. Ni mji mdogo wa wakulima, kimya, wazee wamekaa kivulini. Kinachowapa sifa leo ni mvinyo unaotengenezwa ndani ya mitungi mikubwa ya udongo, namna waliyoirithi kwa Warumi, na mitungi hufunguliwa sikukuu ya Mtakatifu Martin, tarehe 11 Novemba. Tulikula chakula cha mchana tukaondoka.

Kabla sijasahau, mambo ya kujua. Visa ni ya Schengen, anza mapema. Hakuna ndege ya moja kwa moja kutoka Dar, utabadilisha njiani. Usiende Julai wala Agosti, joto linavuka nyuzi 40 na hakuna upepo wa bahari wa kukuokoa. Aprili na Mei ndio wakati wake, mashamba yamejaa maua. Mchana maduka mengi yanafungwa watu wakale, kwa hiyo usifike saa nane ukiwa na njaa halafu ukasirike.

Kuhusu chakula, jamani. Alentejo ilikuwa nchi ya vibarua maskini kwenye mashamba makubwa ya mabwana, na upishi wao ni wa watu waliojua kutotupa mkate. Chakula chao maarufu, açorda, ni mkate mkavu wa juzi, kitunguu saumu na giligilani zilizotwangwa na chumvi, mafuta ya zeituni, maji ya moto juu, na yai lililoiva kwenye maji. Basi. Nilidharau, nikamaliza bakuli mbili. Kwa wapenzi wa kitimoto, nguruwe wao ni weusi, wanalelewa porini kwa kula mbegu za mialoni, na wanampika pamoja na chaza wadogo. Usiniulize nani aliwaza kuchanganya, lakini Mungu ambariki.

Njia ya kwenda Monsaraz inapita kwenye miti ya ajabu kidogo. Shina la chini liko uchi, jekundu kama kidonda, juu lina gome nene la kijivu. Kwenye shina kuna namba moja imepigwa rangi nyeupe. Hii ndiyo mialoni inayotoa vizibo vya chupa za mvinyo, na karibu nusu ya magome hayo duniani hutoka Ureno. Mwenye nyumba tuliyofikia, mama wa miaka sitini na kitu aliyewahi kufanya kazi Uswisi, ndiye aliyetueleza. Mti unapandwa, unasubiriwa miaka kama 25 ndipo ubanduliwe mara ya kwanza, na gome hilo la kwanza bado halifai kwa vizibo. Unasubiri miaka tisa. La pili nalo halifai. Miaka tisa tena. Ni la tatu tu, mti ukiwa na miaka zaidi ya arobaini, ndilo linaloziba chupa. Ile namba ni tarakimu ya mwisho ya mwaka uliobanduliwa, ili mtu asije akaukosea hesabu. Kazi yenyewe ni ya shoka, na fundi akikata kwa kina anaua mti.

“Mialoni ile aliipanda babu yangu,” alisema mama huyo akionyesha dirishani. “Mimi nimevuna. Watoto wangu wako Lisbon na Geneva. Sijui nani ataandika namba inayofuata.”

Mume wangu akamuuliza ana mpango gani wa uzeeni. Mama wa watu akacheka, akasema uzeeni ndiyo huku.

Nyumba yake ilikuwa nyeupe kwa chokaa, na mstari wa buluu chini ya ukuta, bomba la moshi kubwa kuliko jiko lenyewe. Tulikuwa hatujui Kireno zaidi ya asubuhi njema, lakini tulikuta mchezo. Anaonyesha kitu, anataja, na sisi tunaruka. Mesa. Meza! Bandeira. Bendera! Fronha, akiwa ameshika mto. Foronya! Limão. Limau! Alidhani tunamtania. Zeituni wao wanaziita azeitona, na sukari ni açúcar, na hizo si za kwao wala si zetu, sote tulipewa na Waarabu, ambao walitawala huku kwa karne kadhaa. Nilipomwambia kwamba igreja yao, kanisa, kwetu imezaa neno gereza, aliacha kucheka kidogo, halafu akasema inawezekana.

Monsaraz ni mtaa mmoja na nusu ndani ya ngome, juu ya jabali. Kuta za mawe, barabara ya mawe, paka, maua ya waridi mlangoni. Ndani ya ngome kuna uwanja wa kuchezea ng'ombe. Lakini watu wanapanda huko kwa ajili ya kile unachokiona ukisimama ukutani: maji. Bwawa la Alqueva. Mwaka 2002 walifunga mageti kwenye mto Guadiana, na bonde zima likajaa mpaka kuwa ziwa linaloweza kufika kilomita za mraba 250, moja ya maziwa makubwa kabisa yaliyotengenezwa na binadamu Ulaya magharibi. Vilima vya zamani sasa ni visiwa. Jua likizama maji yanageuka rangi ya shaba, halafu zambarau, halafu giza linaingia na nyota zinatoka nyingi mpaka unaogopa. Eneo hili wanalitunza makusudi lisiwe na taa nyingi usiku ili watu waangalie mbingu.

“Kama Nyumba ya Mungu,” mume wangu alisema. Ni kweli. Ukisimama upande fulani wa milima ya kwao unaliona bwawa la Nyumba ya Mungu chini, bapa, kama sahani. Ilikuwa sentensi yake ya kwanza tangu chakula.

Sijui ni yale maji, au ni kwamba hakukuwa na televisheni. Nikajikuta nasema kitu ambacho sikuwa nimekipanga. Nikamwambia, “Mimi sijawahi kumtetea mama. Nimekuwa najitetea mwenyewe. Ninaogopa akija, mimi ndiye nitakayemwogesha, mimi ndiye nitakayeamka usiku, na wewe utakuwa unarudi saa tatu na kuuliza mama amekulaje.” Nikasubiri anikasirikie.

Hakukasirika. Alikaa. Halafu akasema yeye anaogopa simu ya alfajiri, kwamba kila simu ikilia kabla hakujakucha mwili wake unakufa ganzi kwanza ndipo anapokea. Miaka kumi nalala naye kitanda kimoja, sikuwa najua hilo.

Hatukuamua chochote. Tulirudi ndani kwa sababu ya baridi.

Kesho yake yule mama mwenye nyumba akatuambia, kama mnapenda maji nendeni mkaone Luz. Unavuka daraja la ziwa kuelekea mji wa Mourão, unaendelea kidogo. Mimi nilitegemea kijiji cha kale. Nikakuta kijiji kipya, safi mno, barabara zimenyooka, chokaa, mistari ya buluu na njano, kila kitu cha Kialentejo lakini hakuna kona iliyopinda. Luz ya zamani iko chini ya maji. Bwawa lilipopangwa, kijiji kizima kilikuwa kwenye njia yake, wakajengewa kingine kilomita chache pembeni, nyumba kwa nyumba, majirani walewale wakabaki majirani. Mwaka 2002 wakahama. Nyumba za zamani zikabomolewa kabla maji hayajafika. Kanisa lao la Bibi Yetu wa Nuru lilijengwa upya kwa kufuata lile la zamani. Na makaburi nayo yakahamishwa.

Kuna makumbusho madogo ya mawe, karibu na kanisa na makaburi hayo. Ndani kuna picha na vifaa vya maisha ya zamani, majembe, vyungu, funguo. Nenda, ni dakika arobaini tu, na hutaongea na mtu kwa muda ukitoka.

Makaburini tulimkuta bibi mmoja anafuta vumbi. Mjukuu wake, binti wa chuo, alizungumza Kiingereza akatutafsiria. Bibi alisema nyumba mpya ni nzuri kuliko ya zamani, haivuji. Lakini hadi leo, zaidi ya miaka ishirini, usiku akiamka mkono wake unatafuta swichi upande ambao haipo. Mume wangu akamuuliza kuhusu makaburi, swali ambalo mimi nisingethubutu. Bibi akagonga lile jiwe kwa kitambaa chake. Akasema, mama yake yuko hapa. Kama wasingemleta mama yake, na yeye asingekuja, wangemkuta kitandani kwake na samaki.

Binti alitupeleka kwenye mkahawa wa kijiji. Wazee wanne, karata mezani. Mchezo wao unaitwa sueca, wachezaji wawili wawili. Washirika wanakaa wakitazamana na hawaruhusiwi kuambiana wana nini mkononi. Mimi na mume wangu tulikuwa tumeucheza huo tangu Lisbon bila karata. Yeye amekulia kwenye karata, alifundishwa na baba yake. Akasimama nyuma ya mzee mmoja anachungulia, na mzee alipotupa karata yake mume wangu akasema kwa sauti, “Shupaza!” Mzee akageuka. “Espadas,” akasema polepole. Mume wangu akaonyesha nyingine: kopa. “Copas!” Uru. “Ouros!” Pau. “Paus!” Na turufu kwao ni trunfo. Sasa mkahawa mzima umesimama.

Wakauliza tunatoka wapi. Tanzânia. Mmoja, aliyekuwa hajasema kitu, akaweka karata chini kifudifudi. Binti akatafsiri: alikuwa askari Msumbiji, kaskazini, Mueda, mwaka 1970. Alikuwa na miaka ishirini. Kwa kidole chenye maji ya bia akachora mstari mezani, akasema, Rovuma. Huku sisi, huku nyie. Tulikuwa tunaambiwa wanatoka kwenu kuja kutuua. Mume wangu akajibu kwamba ni kweli, walikuwa wanatoka kwetu. Kidogo pakawa pazito. Yule mzee akafuta mstari kwa kiganja, akasogeza kiti, akamwambia mume wangu akae. Alikuwa anahitaji mshirika.

Nikatoka nje na simu. Ugweno ilikuwa jioni. Mama alipokea, nyuma yake nasikia kuku. Nikamsalimia, shikamoo mama, marahaba mwanangu, mko wapi huko? Nikamweleza kijiji, kwamba kilihamishwa chote kupisha bwawa.

“Na makaburi?”

“Yalihamishwa pia, mama.”

Akanyamaza, nikadhani mtandao umekata. “Waliwauliza kwanza, au waliwaambia tu?”

Mume wangu alikuwa ametoka, karata bado mkononi. Nikaweka spika. Nikamnong'oneza: mama anauliza waliulizwa au waliambiwa. Akanitazama. Akasogea karibu na simu, akasema, “Mama, shikamoo. Wewe unatakaje?”

“Marahaba. Ninatakaje nini?”

“Kuhusu kukaa kwako. Unataka nini?”

“Sasa ndiyo unauliza,” mama akasema. “Nataka choo cha ndani. Nimesema tangu baba yako yuko hai. Na msichana wa kulala hapa usiku, kuna mjukuu wa jirani amemaliza darasa la saba hana kazi. Mjini nitakuja Desemba nikae mpaka nichoke. Nikichoka mnirudishe, msianze kunipiga chenga na nauli.”

Mume wangu akatoa kalamu, akaanza kuandika nyuma ya risiti ya gari: saruji, bati, bomba, fundi. Aliniuliza kama najua bei ya sinki siku hizi. Ndani wazee walikuwa wanamwita, zamu yake imefika.